Pembe ya Shamba la Juu

Redempta alikuwa na ugonjwa wa karatasi. Mumewe Gwakisa alikuwa akisema hivyo mbele ya wageni, na yeye wala hakukasirika. Ukimwambia Redempta jana mvua ilinyesha, atataka kujua imeandikwa wapi. Alikuja Minneapolis kusomea historia, akamaliza, akapata kazi ya kutunza kumbukumbu katika maktaba moja ya Saint Paul, na kazi ikamkaa mwilini. Msemo wake ulikuwa mmoja: mali bila daftari huisha bila habari. Anausema kwanza kwa Kiswahili, kisha anawatafsiria Wazungu, nao wanaitikia kwa vichwa kana kwamba wamesikia Injili.

Ndiyo maana watu wa Drumsallow walipotafuta mhariri walimwendea yeye. Drumsallow ni kitongoji cha huko magharibi mwa Ayalandi, mashamba-mashamba tu, na nyumba za kuhesabika. Kwao Redempta, kijiji cha Kilema kule mlimani, mtu angekivuka kitongoji kama hicho kabla jasho halijamtoka. Lakini wajukuu na vitukuu wa waliotoka huko wamejaa Saint Paul, na wana chama chao. Wanakutana kwenye ukumbi wa kanisa, wanakunywa chai na kubishana babu ya nani alipanda meli mwaka gani. Mwaka 2006 wakaamua kuandika kitabu cha kitongoji chao: kila nyumba, kila shamba, nani alizaliwa, nani alifukuzwa na mwenye ardhi, nani njaa ilimmaliza. Wakampa Redempta kalamu, naye akawapa sharti. Habari isiyo na karatasi haiingii kitabuni. Iwe daftari la ubatizo, iwe ramani, iwe risiti ya kodi, mradi kuna maandishi. Aliwaandikia barua pepe wanachama wote, wa Marekani na wa kule kule, na kwenye mkutano uliofuata wakampigia makofi.

Katika chama hicho chote, aliyezaliwa Drumsallow kwenyewe na bado yuko hai Marekani alikuwa mmoja tu, Bi Margaret, bikizee wa miaka themanini na saba aliyekaa kwenye nyumba ya wazee huko Roseville. Redempta alikuwa akimtembelea kila Jumamosi, na maandazi kwenye kopo. Bi Margaret anachovya andazi kwenye chai, anasimulia. Redempta anasikiliza, anaandika, kisha akifika nyumbani anafuta karibu yote, kwa sababu hakuna karatasi ya kuyathibitisha. Bibi alijua kwamba anafutwa na hakununa. Alimwita Redempta mwanangu, na Redempta, ambaye alikuwa amemwacha mama yake mzazi mbali mno, alimpenda kweli kweli.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, theluji ikiwa bado imefika magotini, chama kikapata habari njema kutoka kwa Fintan. Huyu Fintan ni mtoto wa kaka yake Bi Margaret, na ndiye mwenye ardhi ya ukoo kule Drumsallow. Miaka hiyo Ayalandi ilikuwa imeshikwa na homa ya kujenga, na yeye hakutaka kubaki nyuma. Aliandika kwamba baada ya Pasaka anajenga nyumba kubwa kwenye shamba la juu, na ndugu wote wa Marekani watakaokwenda kutembea watafikia hapo. Ukumbini watu walishangilia. Jumamosi Redempta akampelekea bibi habari hizo pamoja na maandazi.

Bi Margaret akaweka kikombe chini. "Shamba la juu, pembe ipi?"

"Ile ya kaskazini. Anasema upepo haupigi sana pale."

Bibi akalifunika kopo la maandazi. Kisha akasema, "Pale kuna watoto."

Akamweleza. Enzi hizo Kanisa la kwao lilikuwa na amri yake: mtoto aliyekufa bila kubatizwa hazikwi pamoja na wabatizwa. Kwa hiyo kila nyumba ya Drumsallow iliyozaa mfu ilimpeleka kwenye pembe ya shamba la juu. Baba alikwenda peke yake, giza likishaingia, na kiboksi cha sabuni kwapani. Mama hakwenda. Hapakuwa na padri wala matanga, na mtoto hakupewa jina. Mdogo wake Bi Margaret alikuwa pale, na wa jirani, na wa jirani wa jirani, miaka na miaka.

"Kaka yangu, baba yake Fintan, alizaliwa baadaye," akasema. "Hakuambiwa, na mwanawe hajui. Waliobaki kule ni watoto wa juzi tu, wenye kujua tumekufa au tumehama. Nilimpigia Fintan simu mwaka jana aliponigusia shamba lile. Aliniambia, shangazi, kapumzike. Ananiona nimechanganyikiwa. Wewe, mwanangu, wewe wanakuogopa. Mwandikie asichimbe."

"Nitamwandikia," Redempta akasema. Akatoa kalamu. "Kuna karatasi yoyote, mama? Barua, daftari la padri, chochote kinachopataja?"

Bi Margaret akamtazama. "Nani angeandika?"

Sasa, mtu mwingine angefika nyumbani, akavua viatu vyenye theluji, akamwandikia Fintan siku ile ile: simama, usichimbe, kuna makaburi. Redempta hakuandika. Akaenda kutafuta karatasi. Aliagiza daftari za ubatizo za parokia ile, zilizopigwa picha kwenye filamu, akakaa mbele ya mashine mpaka macho yakavimba. Wapi! Daftari la ubatizo litamtajaje ambaye hakubatizwa? Akaagiza ramani za zamani. Shamba la juu lilikuwapo, limechorwa vizuri na ua wake wa mawe, na pembe ya kaskazini ilikuwa tupu. Akaandikia ofisi hii na ile. Majuma yakapita, theluji ikaanza kuyeyuka barabarani, na Pasaka inakuja. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na safari hii matumbo yaliyokuwa yanaumia ni ya bikizee wa Roseville, ambaye kila Jumamosi aliuliza swali moja tu: umemwandikia?

"Bado kidogo, mama. Natafuta cha kumshikisha."

Gwakisa ndiye aliyechoka kwanza. Mtu wa Tukuyu yule, mpole, lakini akichoka anasema. Alimkuta mkewe amelaza ramani mezani pale pale wanapolia ugali.

"Mama Wema, hebu niambie. Kwenu Kilema kaburi la kitoto lina cheti?"

"Halina."

"Sasa watu wanajuaje?"

"Wanajua. Ukiona isale, lile jani tunalopanda juu ya kaburi, limesimama peke yake katikati ya migomba, huingizi jembe pale. Hata mlevi haingizi." Mama yake alikuwa na isale lake nyuma ya zizi, na Redempta alikua akilizunguka bila kuuliza ni la nani.

"Basi mwandikie huyo bwana hivyo hivyo."

"Nimwandikie nini? Kwamba bibi kasema? Mimi niliyewaambia watu wazima wasiniletee ya bibi kasema?"

"Kumbe unaogopa kuchekwa," Gwakisa akasema, akachukua sahani yake akaenda kula sebuleni.

Ilimuuma, kwa sababu ilikuwa kweli. Aliandika usiku ule, akafuta, akaandika tena. Barua iliyotoka mwishoni ilikuwa ya kitaalamu mno. Alisema amepokea taarifa ya mdomo kutoka kwa mzee mmoja. Alisema hajaweza kuithibitisha kwa maandishi. Alisema huenda ikafaa mradi uangaliwe upya. Gwakisa aliisoma akasema barua hii inajikana yenyewe. Redempta akaituma hivyo hivyo.

Fintan hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi. Jibu lake lilikuja kesho yake, la adabu tupu. Alisema anampenda shangazi yake, ila umri umeshamlemea. Alisema ofisi ya ardhi ilipekua kumbukumbu zote na haikuona kitu. "Lakini mimi si mkaidi," akaandika. "Nafasi ya kujenga ninayo tele. Ukinionyesha alama yoyote kwamba pale walizikwa watu, hata iwe ndogo namna gani, nitahamisha nyumba siku hiyo hiyo. Ni wewe uliyetufundisha tusiamini maneno matupu, nasi tunakushukuru. Mashine inaingia shambani Jumatatu."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi ilikuwa katikati pale, na Roseville si mbali, dakika chache tu kwa gari. Redempta angeweza kwenda, akaketi, akamsomea bibi barua ile neno kwa neno. Hakwenda. Aliona haya. Alipiga simu pale nyumba ya wazee, akaomba wamwambie Bi Margaret kwamba ana mafua, asije akamwambukiza. Maandazi yenyewe alikuwa ameshayapika. Yakaliwa na watu wa nyumbani bila hamu.

Jumamosi iliyofuata pia akawa na mafua. Ijumaa ya juma la pili Fintan akaandika tena, safari hii kwa chama kizima, na picha juu. Msingi umechimbwa. Hakukutwa hata mfupa mmoja, alisema, kwa hiyo wenye wasiwasi watulie. Kilichotoka ni udongo na vijiwe vyeupe vya mtoni, sijui nani alihangaika kuvipandisha mlimani. Wamevitandaza kwenye njia ya gari, na vinapendeza.

Redempta akaichapisha barua ile, kama anavyochapisha kila kitu, akaikunja kwenye mkoba. Tusifiche, alipumua kwa nafuu. Hakuna mfupa, labda bibi alikosea shamba, labda ni uzee kweli. Jumamosi akapika maandazi mengine akaenda Roseville.

Bi Margaret alikuwa amepungua. Mikono yake juu ya blanketi ilionekana mikubwa kuliko mwili. Hakuuliza habari ya mafua.

"Wamechimba?"

Redempta alikuwa amepanga maneno mengi ndani ya gari. Yote yakampotea. "Wamechimba, mama. Lakini sikiliza, hawakukuta kitu. Hakuna mfupa hata mmoja."

"Mifupa ya nini? Walikuwa wadogo hivi." Akapima hewani kwa viganja viwili. "Udongo wetu mchachu, unakula hata mifupa ya ng'ombe. Hakuna kingine walichokuta?"

"Udongo tu. Na mawe."

"Mawe gani?"

"Madogo," Redempta akasema. "Meupe."

Akalisikia neno likimtoka mdomoni, na hapo hapo akaelewa.

"La mdogo wangu nililitafuta mimi," Bi Margaret akasema. "Baba aliniambia kalete jeupe la mviringo. Nilikuwa na miaka minane. Niliingia mtoni na maji yalikuwa ya baridi kali. Nikapata moja, nikalirudisha kwa sababu lilikuwa na doa, nikatafuta jingine. Kila mtoto aliwekewa lake kichwani. Hatukuwa na kingine cha kuwawekea."

Redempta alishika ukingo wa kitanda. "Mama. Mbona hukuniambia kama kuna mawe? Yule bwana alitaka alama tu. Alama yoyote. Angehama siku hiyo hiyo."

Bibi hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika.

"Hukuniuliza, mwanangu. Uliniuliza karatasi."

Kwenye korido kulikuwa na mtu anasukuma kigari cha vyombo vya chakula, vikigongana. Redempta alianza kulia, kilio cha mtu mzima kisicho na sauti. Bi Margaret akamwacha alie mpaka kigari kikapita. Kisha akamvuta kwa kidole, kama anayetaka kumnong'oneza.

"Na hayo mawe wameyapeleka wapi?"

Mkoba wa Redempta ulikuwa magotini mwake, na barua ya Fintan ilikuwa ndani. Redempta akaufunga zipu.

"Sijui, mama," akasema. "Hawakuandika."