Mtungi wa Lango la Ripalda

"Vipande vitatu!" Nunziata alipaza sauti kutoka uani. "Vitatu na mkono wake."

Argia Tondini aliinama kwenye dirisha la ghorofani, mikono yake ikiwa na udongo mpaka viwikoni, akatazama chini. Mtungi wa tisa ulikuwa umelala juu ya mawe ya ua, umegawanyika kwa adabu, kama mkate uliokatwa na mtawa.

"Mkono usiuhesabu," alisema. "Mkono wa mtungi huvunjika hata ukiutazama vibaya."

"Basi vitatu. Na jirani amekuja tena. Anasema kuku wake hawatagi tangu Jumatatu kwa hofu."

"Mwambie awalete, niwatie kwenye supu, wapumzike."

Nunziata alicheka, akachukua ufagio. Alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe Settimio, na tangu kifo cha Settimio wanawake hao wawili waliishi nyumba moja wakigombana kuanzia kifungua kinywa. Juma zima sasa Argia alikuwa akifinyanga mitungi, akiichoma, kisha akiiangusha kutoka dirishani. Mtaa wote wa Wafinyanzi ulijua sababu, na hakuna aliyemcheka. Hilo lilikuwa jambo geni katika mji wa Norvena, ambako watu hucheka hata mazishini.

Sisi wa Norvena hatujawahi kushinda vita kwa silaha. Wenzetu wana sanamu za majemadari juu ya farasi. Sisi tuna mtungi. Karne sita zilizopita askari wa Ripalda, mji ulio ng'ambo ya bonde, walituzingira siku arobaini mpaka visima vikabaki matope. Katika mtaa wa Wafinyanzi ilisalia mitungi mitatu ya maji. Wanawake wa mtaa wakaipandisha juu ya ukuta wa lango, na mbele ya macho ya askari wenye kiu wakaitupa chini mmoja baada ya mwingine, imejaa pomoni, huku wakicheka kama watu wenye maji ya kuoshea punda. Asubuhi yake watu wa Ripalda walikunja mahema.

Ndiyo maana kila Jumapili ya pili ya Juni mtungi uliojaa maji hurushwa kutoka ukuta ule ule. Watu wa Ripalda hualikwa, huketishwa mstari wa mbele kabisa, nao huja na miavuli yao, kwa kuwa nao wana kiburi chao. Mtungi hupasuka, maji huwarukia, na watu wa mtaa hukimbilia vigae, kila nyumba ipate kimoja cha kubandika juu ya mlango. Kisha wote huenda kula.

Mwaka jana mtungi haukupasuka.

Mzee aliyekuwa akiifinyanga alikuwa amefariki bila kuacha mwanafunzi, na kamati ya sikukuu ikauagiza kwenye kiwanda kipya chenye tanuri la umeme. Ulikuja unang'aa, una nembo ya mji kwa rangi ya dhahabu, na mnene kama kinu. Ulianguka, ukatua kwa bega, ukadunda, ukabingirika taratibu hadi miguuni pa meya wa Ripalda. Ulikuwa umepoteza mkono tu. Meya akauokota, akanawa vidole kwa maji yaliyobaki, akajifuta kwa leso na kusema, "Asanteni sana." Sasa mtungi huo uko kwenye ukumbi wa manispaa yao, wanatia maua. Mwaka mzima, mtu wa Norvena akienda soko la Ripalda kuuza ndama, hakukosa wa kumwuliza kama kwao mayai pia ni ya chuma.

Kamati ikatoa uamuzi: mtungi usipopasuka tena mwaka huu, 1961, basi kurusha mtungi kutakoma, na badala yake langoni watafunguliwa njiwa.

"Njiwa!" Mtaani habari hiyo ilipokewa kama ya msiba.

Kiwanda kilikataa kazi hiyo mara ya pili. Katika mtaa ulioitwa wa Wafinyanzi, gurudumu lililokuwa bado linazunguka lilikuwa moja tu, la mjane aliyetengeneza vyungu vya maua na vya kupikia maharage. Ndipo mji ulipomkumbuka Argia.

"Unajua tatizo lako?" Nunziata alimwambia jioni ile, wakimenya kunde mbichi mlangoni. "Unajua kazi mno. Chungu chako cha maharage kilianguka kutoka juu ya punda wa Evaristo, kikafika nyumbani kizima kabla ya punda. Wewe tengeneza kibaya!"

"Kibaya kikivuja njiani je? Ninaujaza kwenye chemchemi ya Mtakatifu Biagio, ninaubeba ngazi mia moja na kumi na mbili. Ukifika juu mtupu, wifi, nitarusha nini? Mate?"

"Kwa kamati, mate yangetosha."

Argia hakucheka. Maisha yake yote yalikuwa mikononi mwake: kukanda udongo mpaka pumzi ya mwisho iutoke, kufinyanga ukuta usiolegea popote, kuchoma kwa kuni za mwaloni mpaka chungu kikigongwa kilie kama kengele. Baba yake alimfundisha hivyo kwa makofi. Mikono hiyo haikujua kufanya vibaya. Alikuwa amejaribu, mara tisa aliiamuru, na mara tisa ilimkaidi.

Aliinua macho. Juu ya mlango wake palikuwa na kigae kimoja, cheusi kwa moshi wa vizazi, hakuna aliyejua cha mwaka gani. Aliinuka, akaweka kigoda, akapanda, akaanza kukibandua kwa kisu cha kumenyea.

"Wewe! Hicho ni cha mababu!"

"Nawauliza jambo."

Alikifuta kwa aproni mahali kilipovunjikia, akatoa ulimi, akakilamba. Kigae kikanata. Kikang'ang'ania ulimi wake hata alipokivuta ngozi ikauma. Argia alisimama juu ya kigoda, kigae kikining'inia mdomoni, macho yamemtoka.

"Haya, sasa amerukwa na akili kabisa," alisema Nunziata.

Argia alikinyakua. "Kinakunywa!" alisema. "Kinakunywa mate, wifi! Hakikuiva kwa mwaloni hiki. Kimechomwa kwa moto mdogo. Matawi ya mizabibu, makapi ya kunde. Na ona wembamba wake, kama hostia ya padri." Alikigeuza kwenye mwanga. "Ilikuwa mitungi ya maji ya kunywa. Inatoka jasho, inapoza maji. Haikutengenezwa vibaya. Ilitengenezwa kwa kiu."

Alikaa hapo hapo kwenye kigoda, akakifungia kigae ndani ya kiganja.

Kwa siku nne alifinyanga upya. Alichota udongo wa kingo za mto, ule wa kijivu ambao baba yake aliuita udongo wa maskini, akauchanganya na mchanga laini, akauvuta juu mpaka ukuta ukawa mwembamba kiasi cha kuona kivuli cha vidole upande wa pili. Mitungi saba iliingia tanurini juu ya matawi ya mizabibu. Alikaa karibu na mdomo wa tanuri akiulisha moto kwa konzi, kama anayemlisha mtoto mgonjwa, na kila moto ulipotaka kukua aliukatalia.

Mitano ilitoka na nyufa. Miwili ilitoka mizima, rangi ya ukoko wa mkate, mepesi mno hata Nunziata aliponyanyua mmoja aliuinua kupita kiasi na nusura aupige kwenye boriti.

Waliujaza mmoja wao maji, wakaupandisha dirishani. Nunziata akashuka uani.

Haukulia ulipoanguka. Ulipasuka kwa sauti nzito, kama kofi juu ya maji, na ua mzima ukajaa vipande.

"Ishirini na nane... ishirini na tisa... subiri, hiki nimekihesabu? Wifi, nimepotea! Naanza upya!"

"Usianze!" Argia alikuwa akicheka, machozi yanamtoka. "Acha!"

Kisha akageuka kuutazama ule mmoja uliobaki mezani. Kicheko kikamwisha. Huo hakuwa na njia ya kuujaribu.

Jumapili asubuhi alikuja Ottorino Balducci, mwenye duka la dawa na mwenyekiti wa kamati, ambaye mji wote ulimwita Daktari. Alikuwa amevaa vazi la sikukuu la mahameli nyekundu, lililombana tumboni, na nyuma yake alisimama fundi mwashi na mfuko wa zana. Mtungi ulikuwa juu ya meza, umetiwa maji kidogo ili uzoee. Daktari aliusogelea, akaugusa, akarudisha kidole kikiwa kimelowa.

"Mama Tondini! Unavuja!"

"Unatoka jasho tu. Hata wewe unatoka jasho, Daktari, na hujavuja bado."

Daktari alijipangusa paji la uso. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama anayemweleza mgonjwa habari mbaya. "Sikiliza. Fundi huyu ana msumeno mwembamba. Mistari miwili ndani ya shingo, mmoja kitakoni, kazi ya dakika tano. Ukigusa mawe tu, unafunguka kama ua. Hatajua mtu."

"Hapana."

"Kamati imekubaliana..."

"Kamati mwaka jana ilikubaliana na dhahabu." Argia alijisogeza kati yake na meza. "Wale wanawake walitupa mitungi waliyokuwa wakinywea watoto wao. Ilikuwa mizima. Ukitupa kilichokwisha kukatwa, umetupa nini? Umetupa takataka."

"Wewe hukusimama pale juu mwaka jana!" Sauti ya Daktari ilipasuka. "Mimi ndiye niliyesimama. Mimi ndiye niliyezomewa na watoto wa Ripalda. Mke wangu mwenyewe alitazama pembeni!"

Fundi mwashi aliangalia viatu vyake.

"Najua," alisema Argia, kwa upole sasa. "Twende, Daktari. Watu wanasubiri."

Aliujaza kwenye chemchemi mpaka maji yakatetemeka mdomoni, akaweka kata ya nguo kichwani, na Nunziata akamtwika. Umati ulimpisha. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya kumi. Jasho la mtungi lilianza kumshuka nyuma ya masikio, baridi, likaingia shingoni, likalowesha blauzi yake nyeusi ya kanisani. Alisikia mtu akinong'ona, "Yesu na Maria, umepasuka tayari," na mwingine akimwambia anyamaze. Kwenye ngazi ya sabini goti lake la kushoto lilitaka kugoma. Hakulipa ruhusa.

Chini ya ukuta, nje ya lango, watu wa Ripalda walikuwa wameketi kwenye viti vyao vya mbele. Hakuna aliyekuja na mwavuli. Wote, wazee kwa vijana, mikono mitupu, wamevaa viatu vyao bora. Na meya wao, mtu mnene mwenye masharubu yaliyochanwa, alikuwa na shada kubwa la maua mapajani.

"Tumeleta ya mtungi wa pili!" alipaza sauti, na mstari mzima ukaangua kicheko.

Juu ya ukuta Daktari alinyoosha mikono kuupokea mtungi. Aliuona umelowa kuanzia shingoni hadi kitakoni, matone yanaanguka kwenye mawe. Mikono yake ikabaki hewani.

"Siwezi," alisema. "Mama Argia, siwezi tena. Rusha wewe."

"Mimi?"

"Aliyeanza si mwanamke?"

Argia aliutua kutoka kichwani, akaushika kwa mikono yote miwili. Ulikuwa baridi kama shavu la mtu aliyetoka nje alfajiri. Alisogea ukingoni. Hakuwahi kutazama mji kutoka pale: mapaa, bonde, vichwa vya watu wake vimeinuka vyote kama sahani tupu. Akamwona Nunziata katikati yao, ameziba macho kwa viganja na kuchungulia kati ya vidole. Argia akafikiria mstari ule wa msumeno ambao haukuwapo. Akafikiria njiwa.

"Taratibu, mama!" meya wa Ripalda alimwita kutoka chini. "Usije ukaumiza mawe!"

Watu wake walicheka tena. Na hapo, bila kutarajia, Argia naye akacheka. Kilimpanda kutoka tumboni, kicheko kikubwa cha mwanamke ambaye nyumbani kwake hamna kitu na hajali nani anajua.

"Sogeza viatu, Bwana Meya!"

Akarusha.

Mtungi ulipinduka mara moja hewani, maji yakatoka mdomoni kama shali, kisha ukapiga mawe. Haukudunda. Haukubingirika. Palipokuwa na mtungi pakawa hapana kitu, ila mng'ao wa maji ukipanda juu na vigae vikiruka pande zote, vidogo, vingi, vikilia kwenye mawe kama mvua ya mawe juu ya bati. Mstari wote wa mbele ulilowa mpaka magotini. Maua yalilowa. Masharubu yalilowa.

Kisha Norvena ikalipuka. Kengele za Mtakatifu Biagio zilianza kulia kabla ya wakati wake, watu wakajimwaga nje ya lango, wanawake wamefunga sketi kiunoni, padri mwenyewe kapiga magoti akitafuta kwa viganja. "Changu! Changu nimekiona kwanza!" "Kirudishe, mwizi wewe, una mlango mmoja tu!" Daktari alimkumbatia fundi mwashi, mshono wa mahameli ukafumuka mgongoni, naye hakujali. Nunziata alikuwa akizunguka akimwambia kila mtu, hata wasiouliza, "Wifi yangu! Yule ni wifi yangu!"

Meya wa Ripalda alisimama taratibu, maji yanamchuruzika kwenye suruali. Alitazama juu ya ukuta. Kisha akavua kofia, akaibana kifuani, akabaki hivyo.

Walipokwenda wote kula, Argia alibaki ukutani. Kutoka meza za uwanjani ilikuja harufu ya mwanakondoo wa kuchoma, na sauti ya Nunziata akimwita kwamba tambi zinapoa. Nje ya lango maji ya mtungi yalikuwa yameupata mteremko. Yalipita chini ya viti vitupu, yakaingia barabara ya Ripalda, na katika vumbi jeupe yakachora mstari mwembamba, mweusi, uliokuwa bado unasogea. Argia aliinama zaidi, ameshika jiwe la ukingo, aone utafika wapi.