Tezi Moja ya Kwapani

Mama yangu, Hamisa, alikuwa ameshaambiwa kuwa ana saratani ya titi. Kilichobaki ni kujua kama imesambaa hadi kwenye tezi za kwapani. Tukaelekezwa kliniki moja ya binafsi Korogwe, yenye kompyuta inayosoma picha za utrasaundi na kukadiria jambo hilo. Mtaalamu wa mashine hiyo alikuwa mmoja tu, Semboja, mume wangu. Hapo mama akagoma.

Kwetu Handeni mkwe ni mkwe. Miaka kumi na moja mama na Semboja hawajala sahani moja wala kusemezana. Wakikutana njiani, mmoja huchepuka. Salamu zao huzibeba mimi. Leo amvulie blauzi? Nilikasirika, nikamtupia kwamba mficha uchi hazai. Akanijibu kuwa yeye kuzaa alishamaliza.

Semboja ndiye aliyepata njia. Alivuta pazia, akakaa upande wa pili na skrini yake, akaniachia mimi kifaa cha kupitisha kwapani. Akawa ananiongoza: panda kidogo, shuka, kandamiza, hapo hapo. Kifaa kiliniteleza kila mara, picha tatu za kwanza kompyuta ikazikataa. Mama akanishika kiwiko, akasema nilikuwa hivi hivi nilipojifunza kupepeta mchele. Tukacheka, mkono ukatulia.

Picha zilipokamilika, tukangoja majibu. Kompyuta haikawii, aliyekawia ni mume wangu. Nilisubiri aniite kando anipe maneno niyapeleke, kama siku zote, na moyoni nilikuwa naomba asiniite. Hakuniita.

“Mama,” alisema kupitia pazia, “nisamehe, ni mimi mkweo. Sitaki mwanao ndiye akuambie. Kuna tezi moja ambayo kompyuta inaona saratani huenda imefika. Ni moja tu. Daktari atachukua kinyama kidogo ahakikishe, kisha matibabu yaanze. Nitakupeleka mwenyewe.”

Mama aliendelea kutazama dari, chozi likimteremkia sikioni. Mimi nililia waziwazi, kwa hofu na kwa kumpenda yule mwanamume.

“Ahsante, baba,” mama akasema mwishowe. “Nilikuwa namwonea huruma huyu, angeniambiaje.” Kisha akavuta khanga hadi shingoni. “Nifunike vizuri, Kudra, halafu fungua pazia. Mwanangu asikae huko peke yake.”