Faili Namba Kumi na Saba

Kliniki ya watoto ilikuwa na seva mbili, kompyuta kuu za kutunzia mafaili, na wafanyakazi waliziita mapacha: lolote lililoandikwa kwenye moja, nyingine ililiiga papo hapo. Kwa hiyo asubuhi ile Mzee, fundi mkuu aliyebakiza siku nne astaafu, alipofuta mafaili yote akidhani yuko kwenye mashine ya majaribio, pacha wa pili naye akayafuta bila kuuliza. Watoto elfu tisa, chanjo zao na uzito wao, wakapotea kufumba na kufumbua.

"Nimewamaliza watoto wa watu," alisema.

"Hujamaliza mtu, mzee wangu. Kaa kwanza, unywe maji," alijibu binti, fundi chipukizi aliyekuwa akiachiwa kazi ile. Moyoni hakuwa na uhakika hata chembe.

Tumaini lilibaki kwenye nakala ya akiba ya jana, iliyotunzwa kando ya mapacha. Wengi huzitunza nakala wasizifungue hata mara moja, siku ya siku wakakuta hamna kitu. Mzee hakuwa mtu wa hivyo. Kila Jumatano, miaka sita mfululizo, aliirudisha nakala kwenye kompyuta kuukuu ya stoo, kisha akafungua faili namba kumi na saba, mgongo wake ukiziba skrini. Siku zote hilo hilo. Binti alimtania kwamba ameoa faili, naye akacheka tu.

Sasa binti aliirudisha nakala kwenye kompyuta ile ile, akaongeza mabadiliko yote ya asubuhi kutoka orodha ya amri ambayo seva hujiandikia, akakomea sekunde moja kabla ya amri ya kufuta. Nje akina mama walishaanza kunung'unika kwenye mabenchi. Mzee aliketi juu ya boksi, uso ukutani.

Binti akafungua kumi na saba. Lilikuwa miongoni mwa yale ya zamani, ya karatasi, ambayo Mzee aliyaingiza mwenyewe. Mtoto wa kike. Mahudhurio kumi na mawili, kisha neno moja: amefariki. Jina la baba lilikuwa la Mzee.



"Yupo?" Mzee aliuliza bila kugeuka.

"Yupo, baba."

"Ana kilo ngapi?"

"Tisa na nusu."

Mzee akashusha pumzi. "Alikuwa anapenda kula, yule. Haya, warudishe na wenzake."

Jumatano iliyofuata binti aliirudisha nakala stooni peke yake. Akafungua kumi na saba, akachukua simu, akampigia mstaafu nyumbani kwake.

"Yupo," alimwambia.