Direktrisi Mpya wa Ghala la Barafu

Jumapili ile, baada ya misa, wazazi wote waliitwa ukumbini, na Mama Pierrette akavaa kitenge chake kipya cha zambarau. Hakumwambia mtu sababu, lakini aliijua. Madam Eneless, aliyeianzisha shule ya baleti ya Kashikishi, alikuwa anahamia Ndola kumuuguza mumewe, na shule ilihitaji direktrisi mwingine wa kuiongoza. Angekuwa nani kama si yeye? Ukumbi ule ulikuwa ghala la baba yake Eneless la kuhifadhia barafu ya samaki. Tangu barafu ilipoondoka na sakafu ya mbao ikawekwa, Pierrette ndiye aliyewafundisha watoto wa wavuvi kunyoosha shingo na kushusha mabega. Baleti alijifunzia Lubumbashi kwa masista, akacheza jukwaani mpaka alipoolewa na mchuuzi wa samaki na kuvuka ziwa Mweru kuingia Zambia pamoja naye. Mume alikufa akimwachia nyumba ndogo karibu na soko. Kilichobaki maishani mwake kilikuwa shule.

Madam Eneless alisimama, akashukuru watu, akalia kidogo, kisha akasema, "Direktrisi wetu mpya ni Keren."

Keren alikuwa amesimama karibu na mlango, amevaa suruali nyeupe, na alionekana kama mtu anayetaka kutoka nje. Wazazi wake walikuwa wakimbizi kutoka Kongo waliolima mihogo kule Mantapala. Pierrette alimpokea akiwa mtoto mwembamba asiyejua kutulia, akamfundisha mwaka baada ya mwaka, mpaka alipopata nafasi ya kwenda kusoma Afrika Kusini. Huko alicheza na kundi kubwa. Alikuwa amerudi majuzi tu, na Pierrette alidhani amekuja kuwasalimia wazazi.

Watu walipiga makofi. Pierrette naye alipiga, kwa nguvu kuliko wote, mpaka viganja vikamwasha.

"Usikasirike, Ba Pierrette," Madam Eneless alimwambia walipobaki wawili, kwa lile "Ba" la heshima la Kibemba. "Direktrisi anapaswa kuongea na wakubwa wa Mansa na Lusaka. Anapaswa kujua baleti ya siku hizi. Halafu na umri..." Hakumalizia.

"Sikukasirika. Mi niko na furaha. Keren ni mutoto wangu."

Keren mwenyewe alikuja akapiga goti mbele yake. "Mama, mi sikuomba hii kazi. Waliniita. Utanisaidia?"

"Nitakusaidia," Pierrette akajibu, na midomo yake ilikuwa mizito kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Keren alichukua darasa la wakubwa, Pierrette akabaki na wadogo. Keren alifundisha kwa namna ya ajabu. Aliwalaza watoto chini, wakasikiliza pumzi zao. Aliwaruhusu kucheza rumba kwanza, ndipo waende kwenye ufito wa ukutani kufanya plie, kule kukunja magoti. Pierrette alipita mlangoni mara nyingi akisubiri mambo yaharibike. Hayakuharibika. Boyd, mtoto wa mvuvi mmoja, alikuwa amepinda mgongo kama ndoana kwa miaka, na Pierrette alikuwa amemsukuma mgongo ule mpaka akachoka. Keren alimgusa kisigino tu, akamwelekeza namna ya kukikanyagia, na mtoto akasimama wima kama mlingoti.

Hapo ndipo Pierrette alipoumia hasa. Kama Keren angekuwa hajui kazi, angemdharau na kulala usingizi. Lakini binti alijua, na alijua mambo ambayo mwalimu wake hakuwahi kuyawaza. Akina mama waliokuwa wakimletea Pierrette samaki sasa walisimama na Keren wakicheka. Keren walimwita Ba Madam. Pierrette alibaki Mama, kama mama yeyote anayeuza vitumbua njiani. Jioni alikaa mezani peke yake. Alikuwa anatafuna huku anafikiri mkono wa Keren ulivyopanda juu, polepole, bila kuonyesha jitihada.

Mwanafunzi bora wa shule alikuwa Mwiche, binti kutoka kijiji cha Kabuta. Mjomba wake alikuwa akimleta kwa baiskeli kila aliporudi kupeleka samaki bara, na sketi yake ilinuka chisense, wale samaki wadogo wanaokaushwa kwenye mchanga. Pierrette ndiye aliyemgundua. Sasa Keren alimtungia dansi ya peke yake kwa ajili ya tamasha la mkoa, Mansa.

Siku moja, kabla ya mazoezi, Mwiche alimfuata Pierrette kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akavua soksi.

"Mama, hapa kunauma. Nikisimama juu ya vidole, kuna kitu kinakata ndani."

Pierrette alipapasa kifundo. Kilikuwa cha moto na kimevimba upande wa nje. Hakuhitaji daktari kumwambia kwamba mguu ule ulitaka kupumzishwa mara moja.

"Ulimwambia Madam Keren?"

"Hapana. Naogopa atampa mwenzangu Beauty nafasi yangu."

Pierrette aliendelea kuushika ule mguu mdogo. Aliiona Mansa. Aliona ukumbi umejaa, wakubwa wamekaa mbele, mtoto anaanguka katikati ya jukwaa, na watu wote wanageuka kumtazama direktrisi mpya. Hakujiambia kwamba analitaka jambo hilo. Aliliona tu, likampendeza.

"Kila mutu wa baleti anaumwa muguu," akasema. "Funga kitambaa, kaza muzuri. Usisumbue batu."

Wiki ile ile Keren alimngoja nje baada ya masomo. "Mama, unamuona Mwiche? Akiruka, anatua kama anaogopa. Weye unamujua tangu zamani. Iko kitu?"

Swali lilikuwa limenyooka. Pierrette alitazama ziwani, ambako mashua zilikuwa zinaingia bandarini, watu wanapigia kelele bei ya samaki.

"Ni woga tu," akasema. "Umuzoeshe. Atazoea."

"Asanti, Mama. Mi nilianza kuwa na mashaka bure."

Tamasha likafika. Pierrette alikaa nyuma kabisa katika ukumbi wa Mansa, mikono ameibana kati ya magoti. Muziki ulipoanza na Mwiche akatoka, alisogea mbele kwenye kiti. Kila mtoto aliporuka, alijisemea, sasa. Kila alipopanda juu ya vidole, sasa.

Mwiche hakuanguka. Alicheza kama mtu asiye na uzito. Dansi yenyewe ilikuwa na kitu cha Mweru ndani yake: namna wanawake wanavyoinama kugeuza samaki mchangani, namna mtu anavyovuta wavu unaokataa kuja, lakini yote yamegeuzwa kuwa baleti safi, bila mshono kuonekana. Pierrette alitambua kwamba hii ndiyo dansi aliyotaka kuitunga maisha yake yote na hakujua aianzie wapi. Machozi yakamtoka. Hayakuwa ya furaha.

Ukumbi mzima ulisimama. Keren aliitwa jukwaani, akachukua kipaza sauti, akasema kwamba aliyemfundisha yeye, na aliyemfundisha Mwiche, yuko pale nyuma. Watu wakageuka wakimpigia makofi. Pierrette alilazimika kuinuka na kuinamisha kichwa, na yale makofi yakamchoma kuliko matusi.

Wakati wa kuondoka, Mwiche alishindwa kupanda basi. Kitambaa kilipofunguliwa, kifundo kilikuwa cheusi na kimejaa kama kiazi. Keren alimbeba mgongoni. Hospitalini walisema mfupa ulikuwa na ufa, nao haukuwa wa siku ile. Mtoto alikuwa amecheza juu yake muda mrefu.

Mama yake Mwiche alikuja Kashikishi na magamba ya samaki bado yamemkauka mikononi. Wazazi walikuwa wamekusanyika tena ukumbini, na Mwiche alikaa kwenye benchi, mguu umefungwa plasta. Mama akasimama mbele ya Keren.

"Ulimchezesha mtoto wangu akiwa amevunjika?"

"Sikujua, mama," Keren akasema. "Lakini ilikuwa kazi yangu kujua. Kosa ni langu."

Mnong'ono ukapita. Lackson, mwenyekiti wa wazazi, akakohoa. Alisema Keren ni binti mwenye kipaji, hakuna anayekataa, ila pengine waliharakisha. Shule ya watoto inataka mtu mzima, mtu aliyekomaa. Alipokuwa akisema hayo alimtazama Pierrette, na wengine wakamtazama pia.

Kile alichokitaka kilikuwa mbele yake, kama sahani iliyokwisha kupakuliwa. Hakutakiwa kufanya lolote ila kunyamaza. Akanyamaza.

"Ba Madam hakujua," Mwiche akasema kutoka kwenye benchi. Alisema kwa Kibemba, akitazama plasta yake. "Nilimwambia Mama Pierrette."

Keren aligeuka polepole. "Na mi nilikuuliza," akasema, kwa sauti ndogo iliyowafikia wote. "Mama, nilikuuliza pale inje."

Pierrette alifungua kinywa. Angeweza kusema mtoto amechanganyikiwa kwa maumivu, na nusu ya watu wangemwamini. Alimtazama Mwiche, ambaye hakuwa na hasira usoni, alikuwa na mshangao tu.

"Ndiyo," akasema. "Uliniuliza."

Akachukua mkoba wake akatoka, akapita katikati ya baiskeli za wachuuzi bila kumsalimia mtu.

Lackson alitaka afukuzwe siku ile ile. Keren aliomba wamwachie yeye neno hilo. Asubuhi alikwenda nyumbani kwa Pierrette, akakataa kiti.

"Juu ya nini ulifanya vile, Mama?"

"Juu ya wivu," Pierrette akasema. Alikuwa amechoka kutafuta neno lingine.

"Wivu niliujua. Tangu ile Jumapili niliuona. Nilifikiri utaniuma mimi, na mi nilikuwa tayari. Sikufikiri utamuuma mutoto."

Pierrette alirudisha kile kiti ukutani.

"Sikufukuzi, juu ya vile ulinifundisha," Keren akaendelea. "Lakini hauwezi kufundisha hapa tena mpaka Mwiche aingie mulango wa darasa na miguu yake. Plasta ikitoka, utaenda Kabuta kila siku kumunyoosha ule muguu."

"Mama yake hatanikubali."

"Utamuomba. Mi siwezi kukuombea."

Mama yake Mwiche hakumkubali. Mara ya kwanza hakuitikia hata hodi. Pierrette alikaa nje kwenye gogo, jua likampiga, wanawake waliokuwa wanaanika chisense wakamzunguka kama mtu anavyozunguka dimbwi. Kesho yake akarudi, na siku iliyofuata. Mwishowe mama akatoka, akaangusha mkeka chini bila neno, akaingia ndani kumwita binti.

Basi kazi ikaanza. Pierrette aliukanda mguu kwa mafuta ya mawese, akamfundisha Mwiche kuviringisha chupa kwa unyayo, kuinua kisigino na kukishusha akiwa ameshika ukuta. Siku nyingi hawakuzungumza. Kisha, mchana mmoja, Mwiche akauliza bila kuinua macho.

"Mama Pierrette, ulitaka nianguke?"

Mama yake alikuwa jikoni, na sufuria zikaacha kulia.

"Ndiyo," Pierrette akasema.

Mwiche aliinua kisigino, akakishusha. "Mimi nilikuona unalia pale Mansa, uliposimama. Nikafikiri umependa."

"Nilipenda. Ndiyo iliniuma."

Mtoto aliviringisha chupa chini ya unyayo. Hakusema amesamehe, wala Pierrette hakuomba. Lakini siku ile mama yake alileta ugali na mboga ya kisamvu, akaweka bakuli la kunawia mbele ya mgeni.

Mvua zilikuja zikapita, na uvuvi uliokuwa umefungwa ili samaki wazaane ukafunguliwa tena, ndipo Mwiche alipoingia ukumbini kwa miguu yake, mjomba akimfuata nyuma. Daktari alisema viatu vya kusimamia vidole avisahau. Keren akakaa naye, akaanza kumtungia dansi ya miguu mitupu, na Pierrette akarudishiwa wadogo wake. Baadhi ya wazazi waliwahamishia watoto wao kwenye mchezo wa mpira wa pete, nao hawakurudi tena. Lackson hajamsalimia Pierrette kwa mkono mpaka leo.

Wivu wenyewe haukumtoka. Alidhani aibu itauzima, lakini ilikaa nao bega kwa bega. Keren alipoalikwa Lusaka kuwafundisha walimu wa shule nyingine, habari ilimfikia Pierrette akiwa anawafunga watoto nywele, na ulimpanda kifuani ule ule, mkali, kama haujawahi kuondoka. Alimaliza kufunga kichwa alichokuwa nacho mkononi. Kisha akaenda mpaka mlango wa ofisi.

"Keren, leo niko na wivu mubaya," akasema. "Usiniulize kitu chochote juu ya watoto mpaka kesho."

Keren aliinua kichwa kutoka kwenye simu yake, akamtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

"Sawa, Mama," akasema. "Kesho nitakuuliza."

Pierrette akarudi kwa wadogo, akawapanga kwenye ufito, akamwambia wa kwanza ashushe mabega.