Shangazi Juu ya Buti

Hapa kwetu Acres Homes, Houston, mwanamume husamehewa mengi, lakini si gari linalolia kama debe la misumari. Besi ni ruhusa. Ikupige kifuani, itikise madirisha ya jirani, hakuna atakayekusema isipokuwa mchungaji, na hata yeye alikuwa na sabufa kubwa kabla hajaokoka. Aibu ni ile kelele ya bati inayoifuata besi. Na gari la Kendrell, mtoto wa marehemu kaka yangu, niliyemlea kwa mikono hii, lilikuwa na kelele hiyo.

Alihangaika, maskini. Alibandika mikeka ya lami ya kuzuia mtikisiko ndani ya buti mpaka gari likashuka nyuma. Akaweka sponji nyuma ya kibao cha namba, akafunga nyaya zote kwa vitambaa. Taulo zangu za wageni zikaanza kupotea, nikaja kuzikuta zimeshindiliwa kando ya spika. Bado mfuniko wa buti uligonga. Basi siku moja nimetoka na sahani yangu ya soseji kumkemea, miguu ikachoka kabla ya mdomo, nikaketi juu ya buti. Kelele ikakatika.

"Shangazi, usiondoke hapo!"

Nikainuka, ikarudi. Nikaketi, ikabaki besi tupu, safi. Mimi si mwanamke mdogo wa mwili, na simwombi mtu radhi.

"Jumapili tunaenda wote kwa Mzee Broussard," akasema, macho yanamng'aa.

Hapo nikaelewa. Kendrell alikuwa anamtaka Latavia, binti wa Alvoid Broussard, na Alvoid, aliyeshona viti vya magari maisha yake yote, hakuwa tayari kumpa binti yake mtu ambaye gari lake linagongagonga. Mposaji mmoja wa kabla yake alirudishwa getini kabla hajazima injini.

Nikakubali kwenda, ila moyo wangu haukukubali. Tangu kaka yangu afe, nyumbani ni mimi na Kendrell tu. Yeye akioa, mimi nabaki na televisheni.

Jumapili tukakuta uwanja wa Alvoid umejaa watu, sufuria za kamba wa mtoni zinachemka. Kendrell akaegesha lile gari lake la rangi ya peremende, akafungua buti, taa zikawaka ndani, watu wakashangilia.

"Funga," Alvoid akasema. "Buti likiwa wazi haligongi, kila mtu ni fundi."

Kendrell akafunga, akanitazama. Nikaenda na sahani yangu, nikapanda.

"Bi Earline, viti ninavyo," Alvoid akasema.

"Viti vyako ni vya plastiki, Alvoid. Tuheshimiane."

Watu wakacheka. Kendrell akawasha muziki. Besi ikaja, mifupa yangu yote ikaisikia, na hakuna bati lililothubutu kusema neno. Alvoid akalizunguka gari. Akatega sikio mlangoni, akagusa kibao cha namba kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali. Halafu akasimama mbele yangu.

"Sasa shuka."

"Ninakula."

"Shuka, Earline. Nakujua tangu shuleni."

Nilikuwa nimeletewa nilichokitaka mkononi. Nishuke tu, buti lipige kelele, mimi na mwanangu turudi nyumbani kama tulivyokuja. Nikamtazama Kendrell. Jasho linamtiririka, midomo inatetemeka kama siku ya kwanza nilipompeleka shule. Nikashika mfuniko kwa mikono yote miwili.

"Sishuki ng'o! Niitie polisi!"

"We mama una wazimu?"

"Ninao tangu shuleni, si unanijua?"

Latavia ndiye aliyekuja. Suruali nyeupe, viatu mkononi, akapanda ubavuni mwangu. "Sogea, Shangazi."

"Utachafuka, binti."

"Shuka tu. Nitalikalia mimi."

Akanishika mkono mpaka nikakanyaga chini. Sasa yule mtoto ni mwembamba, hata upepo unamwonea. Buti likaanza kugonga, likagonga kweli, linamrusharusha huku yeye anacheka.

"Nasikia," Alvoid akasema, mikono kifuani.

"Hata mimi nasikia, Baba. Na ndilo gari nitakalopanda."

Alvoid akamtazama binti yake. Kisha akainama, akapitisha kiganja chini ya ukingo wa mfuniko.

"Bawaba zimelegea," akamwambia Kendrell. "Mpumbavu gani anabandika lami kabla hajakaza bawaba? Lilete kesho. Na uje na njaa, utakula hapa."

Watu wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga, tena kuliko wote.

Njia nzima ya kurudi buti liligonga, na Kendrell hakulijali. Alikuwa anasimulia harusi, na nyumba ambayo yeye na Latavia wameipenda, upande wa pili wa mji.

"Ongeza sauti," nikamwambia.

"Shangazi, si utaumwa kichwa?"

"Ongeza, nimesema."

Akaongeza mpaka mwisho. Nikageukia dirishani, nikalia mpaka nyumbani, na hakunisikia.