Kola Zilizolalia Kushoto

Jamani, nilichumbiwa! Asubuhi yake nilikuwa nimeshafika dukani kwa mama, habari imenijaa mdomoni kama kaa la moto. Mama ni fundi cherehani. Hata salamu sikutoa.

"Mama! Nimechumbiwa! Na gauni unashona wewe, lenye kola ya kusimama, na vifungo mpaka kiunoni!"

Mama Pini, mwenzake wa cherehani ya pili, akapiga vigelegele na pini zake mdomoni, nikadhani atazimeza. Mama akanigeukia mwili mzima, kama kabati linavyogeuzwa, maana shingo yake ilikuwa haigeuki tena.

"Nani huyo mwenye bahati mbaya?" akauliza. Tukacheka mpaka akajishika shingo.

Shingo yenyewe ni hivi. Daktari alituonyesha picha: pingili zimelika, na ile diski ya katikati, ambayo ni kama kimto, imechomoza inabana neva inayoshuka mkononi. Ndiyo maana kichwa kimelalia kushoto. Ndiyo maana vidole vina ganzi. Alisema ukiinamia kazi miaka yote hiyo, shingo inachakaa kabla ya mwenyewe. Akampa dawa, mazoezi, na kola ngumu ya kuvaa shingoni, akataja na upasuaji.

"Na kushona?" mama akauliza.

"Kushona upumzike kwanza."

Mama akaitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari, akatoka pale akaenda moja kwa moja kwenye cherehani. Ile kola ngumu akaitundika msumarini, pamoja na nguo za wateja.

Basi siku hiyo ya habari zangu, Mama Pini akasema nimsindikize kununua uzi. Tulipofika nje akatoa pini mdomoni, nikajua kuna jambo.

"Mwanangu, hilo gauni mpe mtu mwingine."

"Mama Pini! Wivu huo!"

Hakucheka. "Kola zote za mama yako zinalalia kushoto. Yeye anaziona zimenyooka, kwa sababu kichwa chake chenyewe kimelala. Akishaenda nyumbani mimi nazifumua, nashona upya kabla mteja hajaja. Hajui. Na wewe usimwambie. Akijua, atabaki na nini?"

Mimi, ninayeongea hata usingizini, nikanyamaza. Nikarudi ndani, nikainua mikono, nikapimwa.

Siku ya kujaribisha ikafika. Jamani, lile gauni! Lilinikaa kama nimezaliwa nalo. Halafu nikatazama kioo. Kola imelala kushoto, kama mtu aliyepitiwa na usingizi kwenye kiti. Mama amesimama nyuma yangu, macho yanang'aa.

"Imekaa?"

"Imekaa, mama! Wee, imekaa!" Na hapo hapo nikalaza kichwa kushoto kidogo, ili kola ionekane sawa. Nikajiona mjanja kweli.

Mama akatazama kioo. Vichwa viwili, vyote vimelalia upande mmoja.

"Mbona umelaza shingo kama mimi?"

"Sijalaza."

"Mimi ndiye niliyekuzaa. Nyoosha."

Nikanyoosha. Akapeleka vidole kwenye mshono, vikapita juu yake bila kumwambia kitu. Akasogeza uso, akaupapasa mshono wa kola kwa mdomo, taratibu, kutoka upande huu hadi ule. Pumzi yake ilinipiga shingoni. Alipofika mwisho akabaki hapo hapo, mdomo begani kwangu.

"Ni hii tu?" akauliza.

Mama Pini akatoa pini mdomoni, moja moja. "Za mwezi huu zote. Na za mwezi uliopita."

"Na wateja?"

"Wateja wanakusifu."

Mama akacheka, kicheko kikakatikia njiani. "Basi wanakusifu wewe."

"Mama, mimi naitaka hivi hivi!" Nilikuwa nimeshaanza kulia, na poda yote usoni. "Nitaivaa hivi hivi!"

"Uvae hivyo, watu waulize mama yako alikuwa fundi wa nini? Kazi mbovu haitoki humu."

Akavua futi ya kupimia shingoni. Ile futi, jamani, mimi nimenyonya huku naichezea. Akamvisha Mama Pini, na Mama Pini akasimama nayo ameinamisha macho, kama aliyetundikiwa jiwe.

Kisha mama akaiendea ile kola ngumu msumarini. Vidole vikashindwa kuifunga, nikamfungia mimi. Akakaa kwenye kiti cha wateja, ambacho sijawahi kumwona amekikalia.

"Fumua," akasema.

Mama Pini akafumua nikiwa nimevaa vilevile, nyuzi zikawa zinakatika moja moja shingoni kwangu. Mama alikuwa anatazama ukuta ulio mbele yake, maana ile kola ngumu haikumruhusu kutazama kwingine.

"Nyoosha kichwa, mwanangu," akasema. "Mwenzangu asije akakosea."