Gidoni Ikigeuka Kushoto

Domitille aliisikia ile sauti mikono yake ikiwa ndani ya beseni la vyombo, na vidole vikaacha kusugua vyenyewe. Ilikuwa sauti nyembamba, ya kupanda, kama mtu anayeita kutoka mbali. Alitega sikio. Sauti ikashuka. Kisha ikapanda tena.

Uani, baba mkwe wake alikuwa ameinama juu ya pikipiki iliyokuwa ikinguruma, akizungusha gidoni mpya, usukani wake, huku na huku. Akiizungusha kulia, pikipiki ilinguruma kama kawaida. Akiizungusha kushoto, upande wa mpera, sauti ilipanda.

Gidoni ile ilimchukua mzee siku tatu. Ruffin, mwanawe, mume wa Domitille, alikuwa Kisenge kwenye mgodi wa manganizi na alirudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Safari iliyopita alimkalisha binti yao Kabedi mbele yake, juu ya tangi, na kwenye shimo la barabara gidoni ya zamani ikamgonga mtoto kifuani. Alama ilikaa wiki nzima. Ruffin alipokuwa akirudi kazini aliiacha pikipiki nyumbani. "Tata, unipandishie ile gidoni, mutoto apate nafasi," alimwambia baba yake. Basi mzee, Tata Séraphin, aliyekuwa fundi chuma miaka thelathini katika kampuni ya mgodi, akachukua bomba, akalijaza mchanga mkavu ili lisijikunje vibaya, akaazima mbabula, jiko la Domitille, na makaa yake, akalipinda kwenye moto. Akachonga na vipande viwili vya chuma, vinene kama ngumi, vya kuiinua gidoni juu ya mahali pake. Kazi ilikuwa safi. Mtaa mzima wa Dilala ulipita kuitazama.

Domitille alikausha mikono, akasogea hadi kwenye kona ya jiko. Hakuenda zaidi. Miaka mitano tangu aolewe hakuwahi kumtazama mzee usoni. Hakulitaja jina lake. Alimpa maji akiwa amepiga magoti, macho chini, na neno likimlazimu, alilisema kwa sauti ya chini kupitia mtoto. Hiyo ndiyo heshima ya buko, ya ukwe. Nyanya yake aliyemlea kule Kabongo alimwambia kuwa mwanamke anayepaza sauti mbele ya baba mkwe amejifukuza mwenyewe, hahitaji kufukuzwa na mtu.

Kutoka pale alipokuwa aliona kamba nyeusi iliyotoka kwenye mkono wa kulia wa gidoni, ule unaozungushwa kuongeza mwendo, kwenda kwenye injini. Hakujua jina lake. Lakini alijua kamba fupi ikoje. Gidoni ilipogeuka kushoto, kamba ile ilinyooka na kukaza kama kamba ya kuanikia nguo chini ya mablanketi yaliyolowa, na hapo ndipo sauti ilipanda. Gidoni imekwenda juu, kamba imebaki na urefu wake wa zamani. Kwa hiyo pikipiki inakimbia yenyewe, hata mkono usipotaka.

Na kutoka langoni kwao njia ilikuwa moja tu: unateremka kidogo, unageuka kushoto, uko kwenye lami, na kwenye lami yanapita malori ya mawe ya mgodi wa Mashamba.

"Kabedi, kuya kwa kambo!" babu alimwita mjukuu wake. "Kuya tujaribu kiti yako!"

Mtoto alikuwa ameshaanza kukimbia. Domitille alimshika gauni.

"Mwambie kambo," alinong'ona, "pikipiki inalia vibaya akigeuza huku."

Kabedi alikwenda. "Kambo, mama anasema pikipiki inalia!"

"Eh?"

"Inalia!"

Mzee alicheka. "Pikipiki inapashwa kulia, mwana yangu. Yenye kunyamaza ni maiti."

Domitille aligeuka. Alikimbilia ukutani, ambako Mama Marlène, jirani yao, alikuwa akikaanga mikate yake ya kuuza.

"Mama Marlène, nakuomba. Umwambie tata asitoke. Ile kamba ni fupi. Itabavuta."

"Mi?" Mama Marlène aliinua kijiko cha mafuta. "Mi njo niende kufundisha fundi wa kampuni? Mwaka jana nilimwambia bomba yake inavuja. Unajua alifanya nini? Alinipa ufunguo, 'Kamata, mama, tengeneza.' Mbele ya bantu! Wacha, mama Kabedi. Ile ni kazi ya banaume."

"Atamupakia mutoto."

"Basi umwambie weye. Lakini piga kelele, yule hasikii. Mashine ya kuponda mawe ilikula masikio yake zamani. Ni yeye peke yake hapendi kujua."

Domitille alibaki ameshika ukuta. Miaka mitano alidhani mzee hamjibu kwa sababu hampendi. Sasa alielewa jambo jingine, likamtisha zaidi: ile sauti nyembamba haikuwahi kumfika mzee hata mara moja. Na sauti yake mwenyewe pia isingemfika, mpaka apige kelele.

Nyuma yake injini ilinguruma kwa nguvu. Aligeuka. Mzee alikuwa amekalia pikipiki, Kabedi mbele yake juu ya tangi, mikono midogo imeshika vile vyuma viwili vilivyong'aa. Walikuwa wakielekea langoni.

"Tata," alisema Domitille. Sauti ilitoka kama kawaida, ya chini, ya heshima. Pikipiki ilisogea.

Akakimbia. Kandambili ikamtoka mguu mmoja, hakuiokota. Alifika langoni kabla ya gurudumu, akasimama katikati, mikono imetanuka, akamtazama baba mkwe wake moja kwa moja machoni.

"TATA! SIMAMA! SHUSHA MUTOTO!"

Mzee alikaza breki. Gurudumu lilisimama shubiri moja kutoka kwenye magoti ya Domitille. Kwenye ukuta kichwa cha Mama Marlène kilichomoza, kikabaki pale.

Domitille alimbeba Kabedi, akarudi nyuma, akapiga magoti kwenye vumbi. Mtoto akaanza kulia. Atanirudisha kwetu, aliwaza. Leo hii. Ruffin atarudi akute nimeenda.

"Nani anakutuma?" mzee aliuliza. Hakuwa amepaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Macho chini sasa, lakini kwa nguvu zake zote, alimwambia mtoto: "KABEDI, MWAMBIE KAMBO AINUE GURUDUMU LA NYUMA! AWEKE VITESI! KISHA AGEUZE GIDONI KU MUPERA!"

Kisha alisikia stendi ya katikati ikilia, gurudumu la nyuma likaning'inia. Mzee aliweka gia. Gurudumu likazunguka polepole. Ungeweza kuhesabu spoki zake. Akaigeuza gidoni kulia. Hakuna kitu. Akaigeuza kushoto, mkono wake wazi, bila kugusa chochote.

Spoki zikapotea. Gurudumu likawa kitu kimoja cheupe, pikipiki yote ikaruka-ruka kwenye stendi kama mbuzi anayekata kamba. Mzee aliizima. Alilitazama gurudumu hadi likasimama. Kisha alitazama lango, akatazama mteremko, akamtazama Kabedi. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kwa muda hakuinuka.

Alipoinuka alichukua funguo zake. Aliifungua ile kamba, akaipitisha njia nyingine, ya mkato, chini ya tangi. Akaiwasha pikipiki.

"Kabedi," alisema bila kugeuka, "mwambie mama yako asikilize. Mi masikio yangu ilibaki ku kampuni."

Domitille alisikiliza. "KABEDI, MWAMBIE KAMBO INALIA KIDOGO!"

Mzee alilegeza nati ndogo kwenye mwisho wa kamba. Gidoni ikageuka kushoto hadi mwisho.

"IMENYAMAZA!"

Mzee alipanda peke yake. Mtoto alibaki mikononi mwa mama. Domitille alisimama langoni na mguu mmoja peku. Pikipiki ilishuka, ikageuka kushoto, sauti yake nzito, ileile, haikupanda. Halafu lori la mawe likapita likafunika kila kitu, vumbi na kelele. Hakusikia tena lolote. Alimbana mtoto kifuani. Masikio yangu yakiwa yamekosea? Yakiwa yamekosea je?

Vumbi lilitua polepole. Kutoka ndani yake ikatokea gidoni kwanza, ndefu, ikimeta, kisha mzee.

Alisimama mbele yake, akazima. Hakumtafuta Kabedi kwa macho.

"Ililia?" alimuuliza Domitille mwenyewe.

Domitille alitazama chini, kama alivyofundishwa, na akajibu kwa sauti iliyomfanya Mama Marlène aangushe kijiko ng'ambo ya ukuta:

"APANA, TATA!"